Mwaka wa Sotoka na Nguruwe wa Mama Mkwe

Nilipoolewa nilitoka kwetu Mbebe nikaenda kuishi upande wa Mbozi, si mbali na Vwawa, katika mji wa baba mkwe. Alikuwa mzee wa kanisa na mwenye ng'ombe. Nayataja mambo hayo mawili kwa mpangilio ambao yeye mwenyewe angependa yatajwe, ingawa kila aliyemfahamu alijua lipi lilitangulia. Jumapili alisimama mbele akawaombea wagonjwa, wajane na Mfalme wa Uingereza kwa pumzi moja. Ibada ikiisha, hakwenda kwa mgonjwa wala kwa mjane. Alipitia zizini kwanza, koti lake jeusi likiwa bado mwilini, akamkuna fahali wake shingoni na kuzungumza naye kwa upole ambao sikuwahi kusikia akiutumia kwa binadamu.

Mkewe, mama mkwe wangu, alikuwa mwanamke mfupi asiyependa kurudia maneno. Yeye alikuwa na nguruwe mmoja jike. Alimpata akiwa kitoto, badala ya ujira, baada ya msimu mzima wa kuchuma kahawa kwa mzungu mwenye shamba jirani yetu. Alimfuga kwa maganda ya viazi na machicha ya pombe, na huyo ndiye kitu pekee katika mji ule ambacho akikiita "changu" hakuna aliyemsahihisha. Baba mkwe alisema nguruwe si mali, ni takataka yenye miguu. Lakini Krismasi ikifika, kitoto kimoja kikichinjwa, alikuwa wa kwanza kunawa mikono.

Kuna jambo jingine nilieleze mapema. Kwa desturi ya kule, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Nikimwona anakuja njiani, niliacha njia nikaingia kichakani hata kama nina mtungi wa maji kichwani. Yeye naye hakuwa na ruhusa ya kukanyaga kizingiti cha nyumba yangu. Akitaka kuniagiza kitu alimwambia mkewe, au alisema na ukuta kwa sauti ili nisikie. Mimi nilikuwa mgeni, na nilidhani desturi hiyo iliwekwa kwa ajili ya heshima. Sikujua kwamba inafaa pia kwa kuficha mifugo.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Hitla. Habari zilianza kuja kutoka mpakani kwamba sotoka imeonekana. Watu wazima walikuwa bado wanaikumbuka sotoka ya zamani, ile iliyofagia mazizi hadi watu wakasahau ladha ya maziwa, kwa hiyo neno lenyewe lilitosha kuwatoa wanaume kwenye pombe. Serikali ikamtuma bwana mifugo, mzungu mrefu mwenye magoti mekundu. Alifikia kwa yule mzungu mwenye shamba, akalala huko, akala huko, kisha akatuita wote kwenye uwanja wa kanisa.

Alizungumza kupitia mkalimani wake, kijana aliyesomea misheni, mwenye soksi ndefu na adabu ndefu kuliko soksi. Bwana mifugo alieleza dalili: ng'ombe hutoa machozi, mdomo wake hupata vidonda, halafu huhara sana mpaka anakufa. Mkalimani alitafsiri machozi vizuri, akatafsiri vidonda vizuri, alipofika kwenye kuhara akawatazama wazee wa kanisa, akakohoa, akasema kwamba mwishowe ng'ombe "hupata haja isiyo ya kawaida". Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Mzee mmoja nyuma yetu akamuuliza mwenzake ng'ombe huyo anahitaji nini kisicho cha kawaida. Nadhani nusu ya watu waliondoka pale wakiamini kuwa sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe wenye tamaa.

Amri zenyewe zilieleweka. Hakuna ng'ombe, ngozi wala nyama mbichi kuvuka kwenda wala kutoka Rodesia. Na ng'ombe wote, bila kubakiza hata ndama, waletwe uwanjani siku itakayotangazwa wachomwe sindano. Atakayeficha atashitakiwa kwa chifu.

Tukiwa njiani kurudi, mama mkwe alimuuliza mumewe je, nguruwe. Maana nguruwe wa yule mzungu walikuwa wengi, walizurura hovyo hadi mabondeni kufukua mizizi pamoja na ngiri, na kila mara lori lake liliwabeba wengine kwenda kuuzwa ng'ambo kwa watu wa migodini. Baba mkwe alimjibu kuwa serikali ina mambo makubwa ya kushughulikia. Baadaye mama mkwe alimpata mkalimani kisimani akamuuliza swali lile lile. Mkalimani akasema sheria inataja ng'ombe. Nguruwe hawakutajwa.

Baba mkwe hakuwa na imani na sindano. Alisikia kutoka kwa watu wa Msangano, ambao nao walisikia kwa watu wengine, kwamba dume akichomwa hapandi tena. Hadharani alitoa neno la kuwahimiza waumini waitii serikali, akataja na kifungu cha maandiko. Jioni ile ile mama mkwe alikuja kwangu, akakaa, akatazama sakafu niliyokuwa nimeipaka udongo mwekundu siku chache kabla, akasema, "Mwanangu, baba yako anakuletea mgeni."

Nikauliza mgeni gani.

"Mweusi," akasema. "Ana pembe."

Mume wangu, ambaye mpaka siku ile nilimhesabu kuwa mtu mzima, alimwingiza fahali kwa mlango wa nyuma huku akikwepa macho yangu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Fahali akapewa kile cha kulala kwa sababu hakikuwa na dirisha, sisi tukahamia jikoni. Hesabu ya baba mkwe ilikuwa safi: hakuna mwanamume mwenye heshima, awe askari au karani, atakayeingia kupekua chumba cha bibi harusi. Kasoro moja tu hakuiwaza. Yeye mwenyewe pia hakuweza kuingia.

Basi kila asubuhi alikuja kusimama nje ya ukuta akawa anaongea peke yake. Aliuliza hewa kama mgeni amekula. Aliuliza kama amelala vizuri. Mimi nilikuwa simjibu, maana hairuhusiwi. Nilimwambia mama mkwe aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake, naye akamwambia mumewe ambaye alikuwa ameshasikia. Hata siku moja hakuuliza mimi nimelala vipi.

Aliagiza mgeni alishwe vizuri ili asipige kelele. Akaletewa majani mabichi ya maharage, matembele, pumba iliyolowekwa, na mabua machanga ya mahindi, kwa wingi ambao mnyama yule hakuwahi kuuona maishani mwake. Alikula kama mzee wa kanisa kwenye harusi. Halafu tumbo likamgeuka.

Sitaeleza sana. Mkalimani angeita haja isiyo ya kawaida. Mimi nitasema tu kwamba ukuta ule nilikuwa nimeuchora maua kwa chokaa, na maua hayakuonekana tena. Nilizoa kwa jembe, nikamwaga majivu, nikazoa tena. Harufu iliingia kwenye shuka, kwenye unga, kwenye nywele zangu. Majirani waliopita waliniuliza kwa upole kama naumwa, nami nikaitikia kwamba tumbo linanisumbua kidogo, kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa nijibu. Mji mzima ukaamini nina mimba. Mama mmoja akaniletea uji wa ulezi.

Baba mkwe aliambiwa hali ya mgeni akiwa nje ya ukuta. Nilimsikia akihema. Alikuwa amekumbuka dalili za sotoka. Akaanza kuomba. Nimewahi kusikia maombi mengi ya yule mzee, lakini yale ndiyo pekee yaliyonigusa, kwa jinsi yalivyokuwa ya kweli. Aliomba Mungu amponye fahali, na kama ni lazima mtu aumwe, basi iwe kwenye zizi la mtu mwingine.

Siku ya sindano ilifika. Mazizi yote yalifunguliwa, uwanja wa kanisa ukajaa ng'ombe na vumbi. Nyumba yetu ilitazamana na uwanja ule, na mimi nilisimama mlangoni nikiona kila kitu. Baba mkwe alipeleka ng'ombe wake, wakachomwa mmoja baada ya mwingine. Bwana mifugo akauliza kupitia mkalimani kama hao ndio wote. Baba mkwe akavua kofia, akasema mbele ya chifu na waumini kwamba mtumishi wa Mungu hafichi kitu.

Nilitazama nyuma yangu. Fahali alikuwa amesimama kwenye udongo wangu mwekundu, amenyanyua mkia.

Nikamfungua kamba. Nikafungua mlango wa mbele, nikasogea pembeni. Sikumswaga wala sikusema neno. Alisikia sauti za wenzake akatoka mwenyewe, polepole, kama bwana shauri, mkuu wa wilaya, anayeshuka garini, akakatiza katikati ya uwanja huku akiacha nyuma yake mstari ambao kila mtu aliuona. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa baba mkwe na kuweka kichwa chake kwenye lile koti jeusi ili akunwe.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi kwa mzee. Watu walitazama chini, mabega yakiwatikisika.

Bwana mifugo alimfungua fahali mdomo akatafuta vidonda, hakuviona. Hata hivyo hakutaka kubahatisha. Aliamuru afungwe peke yake mbali, na mji wetu wote ukawekwa karantini. Gogo likalazwa njiani, askari akasimamishwa pembeni yake. Hakuna ng'ombe kutoka, hakuna ngozi, hakuna maziwa kupelekwa Vwawa. Jirani yangu mmoja alirudishwa kwa sababu ya kigoda kilichowambwa ngozi ambacho babu yake alikikalia.

Fahali alipona haraka sana alipoanza kula nyasi kavu kama ng'ombe wengine. Karantini haikuondolewa. Serikali ikishaweka gogo, inahitaji sababu kubwa ya kuliondoa kuliko ile ya kuliweka.

Na kila mara lori la mzungu lilipofika pale kwenye gogo na nguruwe wake, askari alipiga saluti, akalivuta gogo pembeni.

Wanawake waliokwenda kufanya kibarua kwenye kahawa ndio walioleta habari kwanza: nguruwe wa bwana wanaumwa. Walikuwa wakilaliana kama wanasikia baridi juani, masikio na matumbo yamekuwa ya rangi ya zambarau, wanahara damu, asubuhi wanakutwa wamekufa. Mwenye shamba alisema ni mvua. Wale waliokuwa bado wanasimama akawapakia kwenye lori upesi. Wale waliokufa akawagawia vibarua nyama, na watu wakamsifu kwa ukarimu, kwa kuwa hakuwahi kumpa mtu hata chumvi.

Mama mkwe naye aliletewa kipande na shoga yake. Tulikipika tukala, na hakikutudhuru. Maji tuliyooshea nyama na mabaki ya ngozi alimmwagia nguruwe wake kwenye mtungi uliovunjika, kama alivyommwagia kila kitu siku zote. Haikupita muda akaacha kula. Akalala ubavu, vitoto vikimnyonya bila kupata kitu. Mama mkwe alikaa naye bandani, akamwekea majani, akampangusa kwa maji ya vuguvugu. Baba mkwe alipopita aliuliza chakula cha mchana kiko wapi. Nguruwe akafa, na vitoto vikamfuata vyote, kimoja kimoja.

Nilitegemea atalia. Hakulia. Alikwenda kwenye gogo akamwambia askari kuna mfugo umekufa kwa kuhara, aje aone. Askari akauliza ni ng'ombe? Akasema ni nguruwe. Askari akamwambia hilo halimhusu, yeye kawekwa kwa ajili ya ng'ombe.

Mama mkwe akarudi, akatafuta mti mrefu na kamba. "Shika huko," akaniambia. Tukamfunga yule nguruwe miguu, tukapitisha mti, tukaweka mabegani. Alikuwa mzito, na mama mkwe kwa ufupi wake alibeba upande ulioinama. Tulipofika kwenye gogo askari alitutazama, akakumbuka aliyoyasema mwenyewe, akatupisha. Nilikuwa naogopa, lakini nilikuwa naogopa zaidi kumwambia turudi.

Walikuwa barazani wanakula, mwenye shamba na bwana mifugo, na mkalimani amesimama karibu na nguzo akisubiri kuitwa. Kulikuwa na mayai mezani na vipande vyembamba vya nguruwe vilivyokaangwa. Tuliushusha mzigo wetu kwenye ngazi ya kwanza. Nzi walikuwa wamekuja naye.

Mwenye shamba alisimama akafoka kwa Kiingereza. Mama mkwe alisubiri amalize, kisha akamgeukia mkalimani.

"Mwambie bwana mifugo nimemletea mgonjwa wake."

Mkalimani akasema kwa sauti ndogo, mama, huyu si mgonjwa, ni mzoga.

"Alikuwa mgonjwa wakati askari wenu anakagua vigoda," akasema. "Mwambie. Ng'ombe wa mume wangu akihara, nchi nzima inafungwa. Nguruwe wa bwana huyu wakihara, wanapandishwa lori. Nataka anieleze."

Nilimwona mkalimani anatafuta namna ya kulizungushia neno lile kitambaa.

"Sema kuhara," mama mkwe akamwambia. "Nami nitajua kama hukusema."

Akasema. Sijui Kiingereza, lakini nilijua alilisema kwa jinsi bwana mifugo alivyoweka uma chini.

Alishuka ngazi, akachuchumaa, akashika sikio la yule nguruwe akaligeuza, akabonyeza tumbo, akatazama nyuma. Alipoinuka alimuuliza mwenye shamba swali fupi, na mwenye shamba akawa anatazama mibuni yake kule mbali. Akauliza tena. Baadaye mkalimani alitueleza kuwa swali lilikuwa: wangapi wamekwenda ng'ambo. Bwana mifugo hakurudi mezani. Sahani yake ilibaki na kipande kimoja alichokuwa amekikata tayari.

Yeye alikuwa akijua ugonjwa ule, homa ya nguruwe. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Hakuhitaji kufundishwa na mtu, alihitaji tu kutembea mpaka nyuma ya nyumba aliyokuwa analala.

Baada ya hapo aliamka kama mtu aliyemwagiwa maji. Lori likasimamishwa mpakani, Tunduma. Nguruwe wa shamba wakapigwa risasi, wakachomwa kwenye handaki, moshi ukatanda bonde zima. Kisha akaja kwetu na bidii ile ile, akaamuru nguruwe wote wa vijijini wauawe, wazima kwa wagonjwa. Wanawake waliokuwa na nguruwe mmoja mmoja kama mama mkwe waliwaona wakipigwa risasi mbele ya milango yao. Wengine wao waliacha kumsalimu. Walisema angemzika wa kwake kimya kimya, wao wangebaki na wa kwao. Mmoja alimwambia hivyo usoni, njiani kutoka kanisani. Mama mkwe akamjibu kwamba wangekufa tu, ila wangekufa wanahara. Hakumfariji, wala sidhani kama alikusudia kumfariji.

Mzungu mwenye shamba hakushitakiwa. Alinyimwa tu urafiki: bwana mifugo alihama kwake akapiga hema karibu na kanisa, akawa anakula peke yake vyakula vya makopo. Baba mkwe ndiye aliyeshitakiwa, kwa kuficha fahali. Chifu alimpa kazi ya kufyeka majani kando ya barabara kuu. Alikwenda na koti lake. Waliopita walimkuta anafyeka kwa madaha, na akisalimiwa alisema ameona barabara inatia aibu, kajitolea. Kanisani walimwondoa kiti cha mbele kwa muda, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, akawaeleza watu kuwa kifua chake kinahitaji hewa.

Kwangu hakusema kitu, maana hakuweza. Aliusemea ukuta siku moja, kwamba wanawake wa Mbebe hawajui kufunga kamba. Nilimwambia mama mkwe, kwa sauti ya kutosha, kwamba tunajua sana, na kufungua pia tunajua. Mama mkwe hakulifikisha hilo. Alicheka tu, kicheko kifupi cha puani, na ndicho kicheko cha kwanza nilichosikia kwake tangu nguruwe afe.

Sotoka yenyewe haikufika kwetu. Bwana mifugo alisema ni sindano. Baba mkwe alisema ni maombi. Gogo liliondolewa baada ya mchwa kulila katikati. Bwana mifugo aliporudi tena na sindano zake, mtu wa kwanza kwenye mstari alikuwa baba mkwe, ng'ombe wake wote nyuma yake, akiwakemea wenzake kwa ujinga wa kuogopa dawa.

Banda la nguruwe lilibaki tupu. Baba mkwe alilitaka kwa ajili ya ndama, akasema udongo pale ni mkavu na ukuta uko tayari. Mama mkwe hakubishana naye. Alichukua jembe akalibomoa, akapanda maboga pale pale. Ardhi ile ilikuwa imenona, maboga yakatoka makubwa ajabu, akawauzia wanawake wale wale waliokuwa hawamsalimu, na alipotuletea moja nyumbani baba mkwe alikula mara mbili bila kuuliza limetoka wapi.